Waya wa Kaptula

Fundi cherehani akivua miwani asubuhi, akaiweka juu ya kitambaa na mguu ukatulia kwenye kanyagio, ujue kuna jambo. Na siku ile kazi ilikuwa tele. Sketi za shule zimerundikana mpaka zinaomba kuanguka, lakini fundi alikuwa ameinama, mikono miwili imeshika hedifoni masikioni, anamsikiliza binti yake wa mwisho kwenye simu, anatikisa kichwa kama kinyonga njiani.

Mkewe alikuwa kibarazani anapachika vifungo. Akaja mlangoni na sindano mdomoni.

"Anasema nini?"

Fundi akainua kidole kimoja. Ngoja.

Sasa hiyo simu nayo ina habari yake. Ilianguka kwenye ndoo, ile ya maji ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Ikaanikwa juani, ikafukiwa kwenye mchele, ikapona, ila spika haikupona. Ilibaki inaona lakini haisemi. Na masikio ya fundi, baada ya umri mzima wa ta-ta-ta ya cherehani, nayo yalikuwa yameanza kuchagua ya kusikia. Ndipo mwanawe mkubwa, dereva wa lori, akamletea hedifoni zisizo na waya, kubwa, kama bakuli mbili zimeshonewa utepe. Simu unaiacha mezani, sauti inakuja na hewa mpaka masikioni. Fundi akazipenda kama mke wa pili, hata mke wa kwanza alisema hivyo.

Lakini kila kizuri na kasoro yake. Kuanzia siku ile habari zote za nyumba ile zilipitia kichwani mwa fundi, na fundi si mtu wa maneno. Binti angeongea mpaka chai iote ngozi, na fundi akivua hedifoni anasema, "Hajambo."

"Muda wote huo, hajambo tu?"

"Na anakusalimia."

Siku ile alipovua, hakusema hajambo. Alivaa miwani, akaivua tena.

"Mke wangu," akasema, "leo ndiyo leo. Saa kumi mwanao anasoma matangazo redioni. Msomaji wao koo limemkauka, wamemwambia akae yeye."

Mama nusura ameze sindano.

*

Ni hivi. Yule binti alikuwa kwenye kituo cha redio cha mji ule, kituo kidogo, chumba kimoja na mlingoti. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kufuta meza, kuchemsha chai na kufungulia wageni mlango. Baba yake alitaka akae kwenye cherehani. Alimwambia, "Mwanangu, mdomo haushoni." Binti akajibu, "Baba, mdomo nao ni cherehani, ni kujua kuukanyaga tu." Fundi alicheka, akamwacha aende, na tangu hapo akawa anawaambia watu, mwanangu yuko redioni. Hakusema anafanya nini huko. Mtu akidhani anasoma habari, basi, fundi atamkatalia kwa nini?

Aliyemkatalia ni dada yake mwenyewe. Huyo shangazi mtu anakaa upande wa pili wa ukuta, ndiye muuza mkaa wa mtaa, na kila nguo yake hupunguzwa upindo bure kwa kaka. Kila akija kuchukua bure yake, anaacha na neno.

"Kaka, yule mtangazaji wenu bado anatangaza birika?" Anasema hivyo mbele ya wateja. "Maana nimesikiliza redio mwaka mzima, sijasikia hata akipiga chafya."

Wateja wanacheka, fundi anacheka nao kwa upande mmoja wa mdomo, halafu anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi unakatika.

Kwa hiyo mama, sindano ilipotoka salama, hakuuliza la pili. Aliinua kichwa akaita juu ya ukuta, "Wifi! Saa kumi usiende mbali. Leo utamsikia akipiga chafya."

Na ukuta ukajibu, "Nipo. Masikio nayaosha sasa hivi."

Neno likishatoka halirudi. Ndipo fundi akakumbuka kwamba nyumba ile haina redio. Ile ya zamani aliiuza kwa mnunua vyuma chakavu siku zilipokuja hedifoni, maana ilikuwa inakula betri kama mbuzi na majani. Na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri; kituo kina jenereta yake, mtaa hauna. Kwa dada yake kimya, kwa kinyozi kimya, dukani kimya. Simu za majirani nyingi ni mpya, za kutelezesha kidole, nazo redio ndani hazina, zinachota vituo kwenye mtandao, na kile kituo cha mlingoti mmoja mtandao kiliusikia kwa jina tu.

"Lakini yangu inayo," fundi akasema, akapigapiga simu yake. "Redio iko humu humu, ilizaliwa nayo."

Akagusa picha ya redio. Kioo kikaandika: Chomeka eafoni.

"Nimevaa," fundi akaiambia.

Chomeka eafoni.

Akasogeza kichwa karibu na simu, akaionyesha zile bakuli mbili, kushoto, kulia, kama mtu anayekaguliwa na askari.

"Labda haioni vizuri," mama akasema. "Futa kioo."

Walifuta kioo. Wakaizima, wakaiwasha. Simu ilishika neno lake lile lile kama mahari imeshatajwa. Mwisho fundi akampigia mwanawe dereva.

"Baba," dereva akasema, huku lori linanguruma, "hedifoni ni masikio tu. Redio inataka mkono wa kudakia mawimbi, na simu hiyo mkono wake ni waya wa eafoni. Ule mweupe uliokuja nayo. Chomeka waya kwenye tundu, washa redio, halafu gusa kile kialama cha hedifoni. Waya utadaka, sauti itakuja kwako kwa hewa."

"Lazima huo waya?"

"Waya wowote wa eafoni wenye kichwa cha mviringo. Kwani wa kwako uko wapi?"

Fundi akautazama mkasi wake.

"Baba?"

"Upo."

"Wapi?"

"Upo kazini," fundi akasema, akakata simu.

*

Mama alikuwa amekunja mikono. "Anasema nini?"

"Hajambo."

"Baba watoto."

Basi ikabidi aseme. Ule waya mweupe, zilipokuja hedifoni za hewa, aliuona hauna kazi tena. Na wiki ile kamba ya pamba ilikuwa imekwisha, na muuza nyama anasubiri kaptula yake. Huyo muuza nyama mwili wake Mungu aliupima bila haraka, kaptula za dukani zinamfika magotini halafu zinagoma. Ya kwake hushonwa, pana, na kamba ya kufungia kiunoni. Fundi akautazama waya: mwembamba, mgumu, haukatiki. Akakata vile vidude viwili vya masikioni, akatupa. Kile kichwa cha chuma akakiacha makusudi, maana kilipenya kwenye upindo wa kiuno vizuri kuliko pini, kikatokea upande wa pili chenyewe. Kikabaki kinaning'inia mbele, kikawa pambo.

"Umemfunga mtu kiunoni na waya wa simu," mama akasema taratibu, kama anayesoma ubao.

"Hajalalamika."

"Na hakujua?"

"Aliuliza mbona kamba ngumu. Nikamwambia ni ya kisasa."

Mama alitaka kukasirika, uso ukamsaliti. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Halafu akajifunga kitambaa kichwani. "Twende dukani kwanza. Aibu hiyo tuikimbilie ya mwisho."

Dukani waya zilikuwepo tele, zimetundikwa kama soksi, lakini zote vichwa bapa, vya simu za kisasa. Mwenye duka alijaribu kimoja kwenye tundu la fundi, akajaribu kingine kwa kulazimisha, fundi akamnyang'anya simu yake kabla tundu halijapasuka. "Vya mviringo havinunuliwi tena, mzee," mwenye duka akasema. "Labda mwisho wa wiki niende mjini."

Kivuli cha nguzo ya duka kilikuwa kimeshaanza kurefuka, saa kumi inakaribia. Ilibaki bucha.

*

Yule muuza nyama watu walimwita Mzani, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na tabia ya kupumzika juu ya mzani wakati wa kupima. Mtu mcheshi, usingeweza kumchukia. Siku ile alikuwa na haraka. Umeme hakuna, friji imekuwa kabati, na nyama haisubiri mtu. Alikuwa anakata na kuuza kwa bei ya huruma, na foleni imefika barabarani.

"Mzani," fundi akasema, "nakuomba pembeni kidogo."

"Pembeni sina leo, fundi. Sema hapa hapa, hawa wote ni ndugu."

Fundi akatazama foleni, na foleni ikamtazama. Akakohoa.

"Ile kaptula niliyokushonea, umeivaa?"

"Ninayo hapa." Mzani akainua aproni. "Kwa nini?"

"Naomba kamba yake. Mara moja tu, nitairudisha."

Kisu kikasimama hewani. Watu wakasogea.

"Fundi," Mzani akasema, "nguo uliniuzia, nikakulipa yote na chenji nikakuachia. Sasa unakuja kudai kamba mbele za watu?"

"Si kamba. Ni waya."

"Waya gani?"

"Wa eafoni."

Mzani akainama, tumbo likamzuia, akapapasa kwa mkono mpaka akakipata kile kichwa cha chuma, akakivuta, akakitazama. "Yaani hiki ninachokichezea kila nikiwa na mawazo..."

"Ndicho."

"Nawe ukaniambia ni ya kisasa."

"Sasa eafoni si ya kisasa?" mama akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko, Mzani akiwa wa kwanza, tumbo likaruka mpaka chuma kikacheza ngoma.

Fundi alisimama pale masikio yamemwaka moto. Lakini saa ilikuwa inakimbia, akaimeza aibu bila maji. Akaeleza yote: binti, matangazo, saa kumi, dada yake na birika lake. Kicheko kikapungua. Mzani aliposikia jina la shangazi akafuta kisu kwenye aproni.

"Yule mama aliyeniambia mbele ya mke wangu kwamba napima nyama na mfupa wa mkono wangu? Fundi, ningekupa hata suruali. Lakini nikiutoa huu, serikali yote ya chini inaanguka."

"Hata hautoki," fundi akakiri. "Nimeushonea nyuma kwa mishono ya kukaza, usikimbilie ndani."

"Basi usitoke. Chomeka hapo hapo."

Mama akaitazama simu, akaitazama kaptula, akasema, "Si mbaya. Waya utadaka popote ulipo. Sauti si inakuja na hewa?"

Ndiyo hivyo. Fundi akapiga goti mbele ya Mzani kama anayempima pindo, akaingiza kichwa cha waya kwenye tundu la simu. Kioo kikawaka. Neno lile la chomeka halikuonekana tena. Simu ikawekwa kwenye mfuko wa mbele wa aproni, fundi akagusa kialama alichoambiwa, akarudi akakaa kwenye benchi la wateja, hedifoni kichwani.

Shhhh. Halafu, kutoka tumboni mwa Mzani, kupita juu ya maini na mbavu, kukaja muziki.

"Ipo," fundi akasema, akatabasamu kama mtoto wa jino la kwanza.

Mzani akageuka kuchukua paja kwenye kulabu. Shhhh.

"Imepotea. Rudi ulipokuwa."

Akarudi. Muziki ukarudi. Akageuka kidogo kulia, muziki ukakwaruza. Ikaonekana kwamba mawimbi yalimtaka Mzani aelekee barabarani, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha.

"Sasa nyama nitazifikia vipi?" akauliza.

Mama akakunja mikono ya gauni, akazunguka nyuma ya meza. "Taja. Mimi nakushushia."

"Shemeji, lete ule mkono. Si huo, ule wenye mafuta."

Na wale wa foleni, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanasukumana, sasa wakawa walinzi. Mzani akitaka kujikuna tu, sauti kumi zinamwambia, "Usigeuke."

*

Shangazi alifika na kanga begani na mikono yake ya mkaa.

"Nimeambiwa mnasikiliza redio kwenye tumbo la Mzani," akasema. "Nikasema nisife sijaona."

"Karibu, wifi," mama akasema, kaning'inia na paja la ng'ombe. "Simama hapo, usimzibe mbele."

Mama akamgeukia mumewe, akamnyooshea kidole chenye mafuta. "Nawe leo sikutaki na hajambo yako. Akisema neno, useme neno. Akimeza mate, unijulishe."

Fundi akainua kidole kimoja. Muziki ulikuwa umekatika. Mtu alivuta pumzi. Halafu akaja yeye, sauti inatetemeka kidogo mwanzoni, kama mshono wa kwanza wa mwanafunzi, kisha ikashika njia.

"Anasema," fundi akasema kwa sauti kubwa, maana mwenye hedifoni hajui anavyopiga kelele, "habari za jioni wasikilizaji. Yafuatayo ni matangazo madogo madogo."

Bucha yote ikatulia. Mtu mmoja akaona ni adabu kujibu, akajibu, "Nzuri."

"Anasema amepotea mbuzi jike, mweupe, sikio moja limekatika. Atakayemwona ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Anasema wazazi wa shule ya msingi wana kikao kesho kutwa, waje na viti vyao. Amemeza mate."

"Mwanangu," mama akasema.

Shangazi akavuta kanga. "Mbuzi hata mimi naweza kumpoteza nikiwa nimekaa hapa. Kaka, tunakusikia wewe. Yeye yuko wapi?"

Fundi hakumsikia. Alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa imeacha kutembea. Chozi moja likatoka chini ya miwani, likafuata mkunjo wa shavu kama linajua njia.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Fundi akazikandamiza hedifoni masikioni.

"Baba watoto, anasema nini?"

"Anasema kesho maji yatakatika mtaa mzima."

"Ndiyo unalia?"

"Nina nguo nyingi za kuloweka," fundi akasema.

Akavua hedifoni, naye hakuwa amemaliza kusikia, akampa mkewe. Mama akajifuta mikono kwenye gauni upande huu na huu, akazivaa, akazishika kwa viganja viwili kama anashika kichwa cha mtoto baada ya kumwogesha. Hakulia. Alicheka kimya kimya, mabega yanapanda na kushuka, halafu akaanza kuitikia, "Ee. Ee, mama. Ee," kana kwamba anasemeshwa yeye peke yake na si wilaya nzima.

Na hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo fundi alikaa akilifikiria mpaka usingizi ulipomchukua. Bado sauti ilikuwa inakwenda, bado hajashiba, akazivua. Akamwendea wifi yake, akamvisha mwenyewe, akamwekea sawa juu ya kitambaa.

"Sikiliza birika," akasema.

Shangazi alisimama na mdomo tayari, neno limeshapangwa. Neno halikutoka. Mikono ya mkaa ikapanda polepole ikashika zile bakuli, ikaziacha nyeusi mpaka leo. Macho yakamwendea Mzani, yakashuka kwenye aproni, yakarudi kwa kaka yake. Akainamisha kichwa upande mmoja. Mzani, jasho linamchuruzika na inzi amekaa juu ya pua, hakutikisika. Foleni yote ilikuwa inamwangalia shangazi, na nyama ilikuwa inangoja.

Hatimaye akazivua. Akazitazama kama mtu anayetafuta mlango wake.

"Haya, wifi," mama akauliza, "anasema nini?"

Shangazi akameza mate. Akajitanda kanga upya, akaikaza.

"Hajambo," akasema.

Bucha ililipuka. Watu walipigana makofi migongoni, mmoja akampa fundi mkono, mwingine akatangaza habari za jioni wasikilizaji, na fundi alicheka kwa pande zote mbili za mdomo. Hata shangazi kicheko kilimtoka, akakiziba na kanga, hakikuzibika. "Na anawasalimia," akaongeza.

"Jamani," Mzani akasema, bado ameelekea barabarani, kifua mbele, "naweza kugeuka sasa?"

*

Kesho yake fundi alinunua kamba ya pamba, akaenda bucha na mkasi ili arekebishe kosa lake. Mzani alimzuia kwa kisu. Kaptula ameizoea, akasema, na koo la yule msomaji halijapona. Na jana kwa ajili ya foleni ya redio hakulaza nyama hata kipande.

Kwa hiyo kila jioni, saa kumi ikikaribia, fundi alifunika cherehani akaenda na simu yake na hedifoni zake zenye alama za vidole vya mkaa. Na kila akifika kwenye benchi alimkuta dada yake amekaa tayari, amenyoosha mkono.

"Lete, kaka. Leo ni zamu yangu kuanza."